Pete Haitupi Mpira

Wasee, leo nitakosana na nusu yenu, na niko tayari.

Iko hivi. Super Bowl huku kwetu inaanza Jumatatu saa nane na nusu usiku. Tulikuwa sita kwenye bedsita ya rafiki yangu, laptop moja, bando za kuchangishana, chai ya rangi na mandazi ya jioni yaliyoanza kuwa magumu. Mechi haijaanza, midomo ndiyo imeanza. Mimi nikasema kitu ambacho mpaka leo nakisimamia: Lamar Jackson ni kwotabeki bora kuliko Eli Manning alivyowahi kuwa. Kuna jamaa pale ametuzidi miaka, sote tunamwita Mkubwa. Hata hakugeuka. Aliendelea kukoroga chai yake, akauliza, "Ana pete ngapi?"

Chumba chote kikacheka. Mjadala umekufa hapo hapo. Eli ana pete 2, Lamar hana hata moja, nenda kalale.

Sikulala. Hilo swali limenikaa kooni tangu siku hiyo, kwa sababu nalisikia kila mahali watu wakibishana kuhusu NFL. Nani amepandishwa bei? Hana pete. Nani ameshushwa bei? Ana pete na hamumpi heshima. Kwisha. Swali la maneno matatu limegeuka rungu la kumnyamazisha kila mtu aliyekaa akaangalia mechi yenyewe.

Mimi nasema hivi: pete ni ya timu. Ukiitumia kumpima mtu mmoja, humpimi yeye, unawapima wale waliosimama karibu naye. Na ndiyo maana nusu ya orodha zenu za makwotabeki bora ni upuzi.

Hebu tuanze na kitu ambacho Mkubwa anakijua vizuri lakini anakisahau akianza kubishana. Kwenye mchezo huu kila timu inaweka watu 11 uwanjani. Timu ikiwa na mpira, kwotabeki yuko ndani. Wapinzani wakiuchukua, anatoka, anakaa kwenye benchi, anakunywa maji na kuangalia kama wewe na mimi. Hawezi kukaba mtu. Hawezi kupiga ule mkwaju wa kupitisha mpira katikati ya milingoti dakika ya mwisho. Karibu nusu ya mechi ni mtazamaji mwenye helmeti. Halafu mechi ikiisha tunaandika: fulani ameshinda, fulani ameshindwa, kana kwamba ni ndondi.

Chukua Tom Brady. Pete 7, hakuna mwenye nyingi kama zake. Sasa angalia fainali zake mbili. Februari 2002, Super Bowl yake ya kwanza, dhidi ya Rams. Brady alitupa yadi 145 mechi nzima. Difensi ya New England iliwanyang'anya Rams mpira mara 3, moja Ty Law akakimbia nayo mpaka tachidauni, na mwisho Adam Vinatieri akapiga mkwaju wa yadi 48 saa ikiisha. 20-17. Pete.

Februari 2018, dhidi ya Philadelphia. Brady huyo huyo, amekomaa, anajua kila kitu. Anatupa yadi 505. Tachidauni 3. Hakuna pasi yake hata moja iliyonaswa. Ndiyo, alipokonywa mpira mara moja dakika za mwisho, sikatai. Lakini difensi yake iliruhusu alama 41 siku hiyo. 41-33. Hakuna pete.

Yadi 145, pete. Yadi 505, hakuna pete. Niambie, Mkubwa, pete ilikuwa inapima nini hapo?

Utasema hiyo ni mechi moja moja. Haya, twende kwa msimu mzima. Peyton Manning, 2013, akiwa na Denver: tachidauni 55, yadi 5,477, rekodi zote mbili. Hakuna kwotabeki aliyekuwa amefanya hivyo kabla yake. Wakafika fainali, Seattle wakawachapa 43-8. Miaka miwili baadaye, 2015, Peyton mwili umekataa. Anatupa tachidauni 9 tu na pasi 17 zinanaswa. Katikati ya msimu anawekwa benchi. Anarudi kwa mtoano, difensi ya Von Miller inambeba kama mzee anayevushwa barabara, fainali anatupa yadi 141, Denver wanashinda 24-10, na Miller ndiye anayechukua tuzo ya mchezaji bora wa mechi.

Kwa hiyo msimu bora kabisa wa maisha yake ulimpa aibu, na msimu mbovu zaidi ukampa pete ya pili. Ukimpima Peyton kwa pete, 2015 ilikuwa bora kuliko 2013. Kuna mtu yeyote mwenye macho anaamini hivyo?

Na sijafika kwa Trent Dilfer. Baltimore ya msimu wa 2000 iliruhusu alama 165 tu katika mechi 16. Kwenye fainali, difensi yao haikuruhusu alama hata moja. Zile 7 za Giants zilitoka kwa mtu aliyepokea mpira wa kuanzia na kukimbia nao hadi mwisho. 34-7. Dilfer ana pete. Baada ya hapo timu yake yenyewe haikumrudisha. Wenye timu walijua alichofanya na ambacho hakufanya. Ni sisi mashabiki tuliobaki kuhesabu vidole.

Upande wa pili, Dan Marino. Mwaka 1984 alitupa yadi 5,084 na tachidauni 48, enzi ambazo difensi ziliruhusiwa kumpiga kwotabeki kama gunia. Hakuna aliyekuwa amefikisha yadi 5,000 kabla yake. Akafika Super Bowl mara moja, akapigwa 38-16 na San Francisco, na hakurudi tena kwa miaka yote iliyobaki. Kwa hesabu ya Mkubwa, Dilfer 1, Marino 0. Sema hivyo kwa sauti mbele ya watu uone kama hautajisikia vibaya.

Sasa nikupe ushahidi ambao kwangu ndio unaofunga kesi. Stafford na Goff.

Matthew Stafford alichaguliwa wa kwanza kabisa mwaka 2009 na Detroit, timu iliyokuwa imetoka kupoteza mechi zote 16 za msimu. Akakaa huko misimu 12. Akatupa zaidi ya yadi 45,000. Mechi za mtoano alicheza 3, akapoteza zote 3. Na sifa yake ikawa ile mnayoijua: mkono mzuri, namba nzuri, lakini si mshindi. "Hana ile kitu." Jina lilimkaa kama tatuu.

Upande wa pili wa nchi kulikuwa na Jared Goff, naye wa kwanza kwenye drafti ya 2016. Aliipeleka Rams Super Bowl ya msimu wa 2018, wakafunga alama 3 tu, wakapoteza 13-3. Kuanzia hapo Goff akawa mzigo. Mapema 2021 Rams wakamtoa yeye, tena wakaongeza nafasi 2 za raundi ya kwanza na 1 ya raundi ya tatu kwenye drafti za mbele, ili tu wampate Stafford. Yaani walilipa ili mtu awaondolee Goff.

Msimu wa kwanza tu, Februari 2022, Stafford ana pete. Rams 23, Bengals 20. Je, alizaliwa upya pale uwanja wa ndege? Zii. Kwenye hiyo fainali pasi zake 2 zilinaswa. Lakini safari hii alikuwa na Cooper Kupp wa kudaka na Aaron Donald wa kumkimbiza kwotabeki wa wapinzani mpaka dakika ya mwisho. Mkono ni ule ule wa Detroit. Majirani ndio walibadilika.

Na Goff, yule mzigo? Msimu wa kwanza Detroit walishinda mechi 3 tu. Watu wakacheka. Kocha Dan Campbell akajenga timu, akampa ukuta mzuri mbele yake. Januari 2024 Detroit wakawa wenyeji wa mechi ya mtoano, na aliyekuja kwa basi la wageni ni nani? Stafford na Rams yake. Goff akashinda, 24-23. Ushindi wa kwanza wa Detroit kwenye mtoano tangu Januari 1992. Uwanja mzima ukaimba jina lake, Jared Goff, Jared Goff, jina la mtu aliyetupwa huko kama chenji.

Watu wawili walibadilishana nyumba. Aliyeitwa asiye mshindi akashinda kila kitu. Aliyeitwa mzigo akaibeba timu iliyokuwa imelala zaidi ya miaka 30. Kama sifa ilikuwa ndani ya mtu, mbona ilibaki kwenye nyumba ya zamani?

Najua mtasema nini. "Kwa hivyo unasema kwotabeki si kitu? Mtu yeyote anaweza?" Hapana, na hapa ndipo watu wa upande wangu huwa wanajiharibia. Kwotabeki ndiye mtu muhimu zaidi uwanjani. Swali ni unajuaje umuhimu wake, na mimi nina jibu: mwondoe, uone kitakachotokea.

Mwaka 2010 Indianapolis Colts walikuwa na Peyton Manning, wakashinda 10 wakapoteza 6. Mwaka 2011 Peyton akafanyiwa upasuaji wa shingo, hakucheza hata dakika moja. Colts, ambao baadaye 2013 walikuwa na Mkenya wetu Daniel Adongo aliyetoka kwenye raga, walishinda mechi 2 na kupoteza 14. Ushahidi mkubwa zaidi wa thamani ya Peyton Manning si pete yoyote. Ni msimu ambao alikuwa amevaa nguo za kawaida.

Brady pia anapita huo mtihani. 2019, New England 12-4 naye, Tampa 7-9 bila yeye. Akahama. 2020, New England 7-9, na Tampa wakabeba Super Bowl. Ndiyo maana sitawahi kusema Brady amepandishwa bei. Lakini namheshimu kwa hilo, si kwa sababu vidole vya mkono mmoja havimtoshi.

Hata Brock Purdy, yule aliyechaguliwa wa 262, wa mwisho kabisa mwaka 2022, mnayemwita abiria wa mfumo wa kocha. Januari 2023 aliumia kiwiko mapema kwenye mechi dhidi ya Eagles, aliyemwingilia naye akagonga kichwa, na San Francisco wakabaki bila mtu wa kutupa mpira. 31-7. Wachezaji nyota walikuwa bado wako pale. Mfumo ulikuwa bado uko pale. Gari zuri bila dereva ni kibanda.

Lakini pia dereva wa matatu usimsifu kwa kufika mapema kama ilikuwa Krismasi na Thika Road haina mtu. Uliza kulikuwa na jam kiasi gani. Hicho tu ndicho naomba.

Sasa turudi kwa Eli, maana najua Mkubwa anasoma hii.

Eli Manning kwenye msimu wa kawaida alishinda mechi 117 na akapoteza 117. Sijatunga. Ni nusu kwa nusu kama mtu anayerusha sarafu. Mwaka 2013 pasi zake 27 zilinaswa, nyingi kuliko za mtu yeyote kwenye ligi. Na ndiyo, alimpiga Brady kwenye fainali mbili, na ile ya kwanza, Februari 2008, ni hadithi tamu: New England hawajapoteza hata mechi moja, wamefunga alama 589 kwa msimu, halafu Giants wanawazuia kwa alama 14. Umesikia neno? Wanawazuia. Difensi ya Giants ilimwangusha Brady mara 5 usiku huo. Eli alifanya yake mwishoni, ile pasi ya David Tyree aliyebana mpira kwenye helmeti nitaikumbuka hata nikizeeka. Na 2011 alikuwa moto kweli, zaidi ya yadi 4,900. Nampa haki yake. Lakini alipostahiki kupigiwa kura ya kuingia Jumba la Magwiji kule Canton kwa mara ya kwanza, 2025, hawakumpitisha, na kelele zilizopigwa zilikuwa moja tu: pete mbili, pete mbili.

Sasa angalia mwenzake. Drafti ya 2004, San Diego walimchagua Eli, Giants wakamchagua Philip Rivers, wakabadilishana siku hiyo hiyo kwa sababu Eli hakutaka kwenda San Diego. Rivers akaenda alikokataa mwenzake. Alianza mechi 240 mfululizo. Alitupa zaidi ya yadi 63,000. Super Bowl hakuwahi kuiona. Januari 2008 alicheza nusu fainali dhidi ya New England hao hao wasiopigika akiwa na goti lililochanika, mshipa umekatika, anachechemea. Wakapoteza 21-12. Wiki mbili baadaye Eli akakutana na timu hiyo hiyo akiwa na difensi ile niliyokwambia.

Mmoja anaitwa shujaa wa siku kubwa. Mwingine anaitwa mtu asiyeweza kushinda. Eli ndiye kwotabeki aliyepandishwa bei kuliko wote wa enzi zake, na Rivers ndiye aliyelipia tofauti. Nimesema.

Na hawa wa sasa tunawafanyia vile vile. Januari 2022, Josh Allen na Buffalo wake huko Kansas City. Anatupa tachidauni 4, ya mwisho zikiwa zimebaki sekunde 13, wanaongoza 36-33. Anaenda kukaa benchi. Ndani ya sekunde 13 difensi yake inaruhusu Chiefs wasogee yadi 44 na kusawazisha. Muda wa nyongeza, sarafu inarushwa, Chiefs wanapata mpira kwanza, wanafunga, mechi kwisha 42-36. Allen hakugusa mpira. NFL wenyewe waliona aibu wakabadilisha sheria mwaka huo huo, sasa kwenye mtoano kila timu lazima ipate nafasi. Lakini kwenye rekodi ya Allen imeandikwa: alishindwa na Mahomes. Alishindwa wapi? Benchini?

Lamar naye. Januari 2025, Baltimore huko Buffalo. Nitakuwa mkweli, nusu ya kwanza alikuwa hovyo, pasi moja ikanaswa na mpira mmoja akaangusha. Na ile mechi ya mwaka uliotangulia dhidi ya Kansas City, 17-10 nyumbani kwao, hiyo pia aliicheza vibaya, sitamtetea. Lakini Buffalo alirudi, akasogeza timu uwanja mzima, akatupa tachidauni ikiwa imebaki dakika moja na nusu hivi, ikawa 27-25. Wanahitaji alama 2 za kusawazisha. Anamtupia Mark Andrews, mpira umefika mikononi kabisa, Andrews anauangusha. Simlaumu Andrews, ni binadamu, amedaka mingi. Nauliza tu: mpira ule ukidakwa, Lamar amekuwa kwotabeki tofauti? Mkono umeshatupa. Kazi yake imeisha mpira ukiwa hewani. Kilichobaki kiko kwenye vidole vya mtu mwingine, na sisi tunakiandika kwenye jina lake.

Labda unasema, buda, ni mpira tu, mbona unatoka jasho? Kwa sababu hizi bei tunazowapachika watu si maneno ya base peke yake. Watu wanalipa.

Nick Foles alimshinda Brady kwenye ile fainali ya yadi 505, akachukua tuzo. Alistahili, siku hiyo alitupa yadi 373 na hata akadaka tachidauni moja. Jacksonville wakaamini usiku mmoja ni mtu mzima. Mwaka 2019 wakampa mkataba wa miaka 4 wa dola milioni 88. Akavunjika mfupa wa bega mechi ya kwanza, akarudi, akaanza mechi 4 kwa jumla msimu huo, hakushinda hata moja, wakamuuza Chicago. Hao ni matajiri, watapona.

Wale walioshushwa bei hawakupona hivyo. Warren Moon alikuwa kijana mweusi aliyeipa University of Washington ushindi wa Rose Bowl Januari 1978 na kuwa mchezaji bora wa mechi. Drafti ya mwaka huo ilikuwa na raundi 12. Hakuna timu iliyomchagua kwenye hata moja. Enzi hizo watu walikuwa wanasema waziwazi kwamba mtu mweusi hana kichwa cha ukwotabeki, mwambie akimbie au adake. Moon akaenda Canada, akashinda Grey Cup mara 5 mfululizo na Edmonton, na NFL ikamkubali 1984, miaka 6 ya ujana wake imeenda. Akatupa zaidi ya yadi 49,000 huko. Mwaka 2006 akawa kwotabeki wa kwanza mweusi kuingia Jumba la Magwiji. Super Bowl? Hakucheza hata moja. Rudi na swali lako, Mkubwa. Muulize Warren Moon ana pete ngapi.

Na usidhani hiyo ni historia ya babu. Mwaka 2018, kabla ya drafti, Bill Polian, mtu mwenyewe aliyejenga timu kubwa kubwa, alisema Lamar Jackson aende akawe mdakaji. Makwotabeki 4 wakachaguliwa kabla yake, yeye akangoja mpaka nafasi ya 32. Msimu wake wa pili akawa MVP kwa kura zote 50. Polian baadaye alikiri alikosea, namheshimu kwa hilo. Lakini tulipokosa cha kusema kuhusu mkono wake, tukahamia kwenye pete. Kila akiruka kizuizi, tunakisogeza mbele. Ndiyo maana hilo swali linaniuma. Kuna watu halijawahi kuwa swali kwao, limekuwa mlango unaofungwa.

Na ndiyo, linanigusa mimi binafsi, sitajifanya. Niliacha chuo. Wanaonijua wanajua. Nikikutana na mjomba kwenye harambee, kabla hajauliza nafanya nini, naamkaje, nalipa nyumba na nini, swali ni moja: "Wewe ulimaliza?" Siwezi kusema cheti hakina maana, kinaonyesha kitu, kama vile pete inaonyesha kitu. Lakini mtu akishauliza hivyo huwa hasikii jibu. Hataki kujua karo ilikatika wapi, nani alikuwa ananilinda upande gani, nilitupa nini na nani akaangusha. Anataka namba moja aende zake. Najua pia makosa yangu mwenyewe kwenye hiyo hadithi, kama vile Lamar ana ile mechi ya Kansas City. Niorodheshee. Ila ziorodheshe zote, na uzitenganishe na zile ambazo nilikuwa benchini.

Kwa hivyo hii ndiyo ruhusa yangu kwenu. Bishaneni. Semeni Dak Prescott wa dola milioni 60 kwa mwaka amepandishwa bei. Mimi nasema mkataba umempandisha na chuki ya mashabiki wa Dallas imemshusha, amebaki pale pale katikati anapostahili. Semeni nimemuonea Eli. Lakini leteni mechi. Niambie ukuta wake ulikuwaje, alimtupia nani, difensi iliruhusu ngapi, na timu ilikuwaje alipotoka. Ukifanya hivyo halafu bado ukanishinda, nitakununulia chapo na madondo na nitasema nimekosea mbele ya watu.

Ukija na vidole, nitakuuliza Trent Dilfer ana ngapi na Dan Marino ana ngapi, kisha nitaendelea na chai yangu bila kugeuka.

Mkubwa, msimu ukianza niko kwenye ile bedsita. Leta mandazi ya leo.